Kuongoza Hosteli ya Chuo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Oktoba au Novemba, vyuo vinapofunguliwa, wadogo zangu hunipigia simu na maswali yaleyale. Mmoja ameombwa agombee uwakilishi wa bloku, mwingine ameshachaguliwa na hajui aanzie wapi. Nilikuwa mwakilishi wa bloku kwa mwaka mmoja na nusu, kisha katibu wa kamati ya malazi, katika chuo kimoja cha hapa Tanzania. Chuo chenyewe sikitaji, maana baadhi ya ninayoyasimulia hayakipendezi, na mengine hayanipendezi mimi. Majibu yanahusu zaidi hosteli za Tanzania. Wenzetu wa Nairobi na Kampala nimewataja pale walipo na la kutufundisha.

Mwakilishi wa hosteli hufanya kazi gani hasa?

Mfikirie balozi wa nyumba kumi, ila nyumba zenyewe zimepandishwa ghorofani. Maji yamekatika, choo cha ghorofa ya pili kimeziba, taa ya korido imeungua, chumba cha mwisho wamefungulia muziki saa nane za usiku, fulani amefiwa na mama. Mlango unaogongwa ni wako. Juu yako, upande wa wanafunzi, kuna waziri wa malazi au anayeitwa jina jingine lenye maana hiyo. Upande wa chuo kuna wadeni, yaani msimamizi wa hosteli, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Wewe uko katikati, na huna mamlaka ya kumhamisha mtu chumba wala fungu la kununulia balbu.

Ukubwa wa kazi watu huudharau. Hosteli za Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa Aprili 2017, ni majengo 20 yaliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Piga hesabu: watu 192 kwa jengo moja. Kijana wa miaka 21 anakabidhiwa watu 192 ambao bomba likikauka saa kumi na mbili asubuhi, siku ya mtihani, wote wanalijua jina lake.

Nilikuwa kiranja sekondari. Si ndiyo kazi ileile?

Viranja wa zamani ndio wanaopata shida zaidi mwezi wa kwanza. Sekondari uliandika majina ya wapiga kelele ukayapeleka kwa mwalimu wa zamu, na mwalimu alikuwa na fimbo. Chuoni ukimwambia mtu unaandika jina lake atakusaidia kulitamka vizuri, halafu ataongeza sauti ya redio.

Jambo la pili ni kwamba hapa unaishi na unaowaongoza, mnalingana umri na mnapanga foleni moja bafuni. Wanakuona na taulo begani na mswaki mdomoni. Wanajua kama huacha sinki na mapovu, wanajua umerudi saa ngapi jana. Mbunge hutembelea jimbo. Wewe unalala jimboni. Kwa sababu hiyo amri haikufikishi popote, na hapo ndipo mafunzo yenyewe yalipo: unalazimika kujifunza kuomba, kueleza, kukumbusha bila kukera, na kutimiza ulichoahidi hata kama ni kidogo. Nimehudhuria semina za uongozi zenye chai na vitafunwa vizuri. Hakuna iliyonifunza hayo kama korido yetu.

Nitajifunza ujuzi gani wa kunifaa baadaye?

Nianze na ule usiopendeza machoni: kuandika. Wiki yangu ya tatu madarakani maji yalikuwa yanafika ghorofa ya chini tu. Niliandika barua ya kurasa mbili, nimeijaza "wanateseka mno" na "hali ni tete", nikaipeleka ofisini. Ilipigwa muhuri, ikalala. Nikaandika nyingine kali zaidi, nayo ikalala. Aliyeniokoa ni mzee wa getini, pota wetu. Aliniambia, "Mjukuu wangu, hao wanasoma barua za kuteseka kila siku. Waandikie siku, saa, na bomba lipi." Tukatundika daftari pale kwake. Kila aliyekuta maji yametoka au yamekatika aliandika tarehe, saa na ghorofa. Baada ya wiki mbili tulikuwa na jedwali lililoonyesha kwamba maji ya juu hupotea kila mara kati ya saa mbili na saa kumi, hata siku ambazo bloku jirani wanayo. Nikaambatanisha na barua ya aya moja. Fundi bomba alikuja siku ya pili, akapanda darini, akakuta boya la simtanki limeganda. Kazi ya dakika 20.

Tangu siku hiyo sijaandika malalamiko bila tarehe. Nilipoanza kazi, bosi wangu wa kwanza alidhani nimesomea utawala, nimesomea kilimo.

Ujuzi wa pili ni kuendesha kikao. Akidi, ajenda, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, mengineyo: ukishakalia kiti cha katibu mwaka mmoja hutababaika tena kwenye kikao cha kijiji, cha saccos, cha harusi wala cha bodi. Nitakupa siri moja tu ya kikao cha hosteli. Kisianze baada ya saa tatu usiku, na kisizidi dakika 45. Kikizidi hapo wanaobaki ni wale wanaopenda kusikia sauti zao, na uamuzi utakaotoka utakuwa wao peke yao.

Ujuzi wa tatu ni kusema hapana kwa mtu ambaye kesho utamwazima pasi. Huu hauna kanuni. Mimi ulinichukua muhula mzima, na bado nilipoteza rafiki mmoja.

Nifanye nini na suala la kubebana?

Asiyejua: kubebana ni mwenye kitanda kumlaza mwenzake aliyekosa, kitanda kimoja au godoro chini. Vitanda ni vichache kuliko wanafunzi, vyumba vya mtaani bei yake haishikiki, na nauli ya kutoka mbali inakula posho yote. Sheria za hosteli karibu kila mahali zinakataza. Ukweli wa maisha unaruhusu.

Wapo wawakilishi waliojifanya askari, wakapeleka majina kwa wadeni. Walitii kanuni, lakini hawakupata tena habari yoyote kutoka koridoni, hata za wizi. Wapo waliofumba macho kabisa, chumba cha watu wanne kikalala tisa, vyoo vikashindwa. Sisi tulikaa na wenyeji na wabebwaji kwenye kikao kimoja tukakubaliana mambo ambayo wenyewe waliona ni ya haki: mbebwaji anaingia zamu ya usafi kama mwenyeji, anachangia maji ya kununua yanapokatika, na wenzake chumbani wote wameridhia, si mwenye kitanda tu. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mara nyingi anayeumia ni yule wa kitanda cha juu ambaye hakuulizwa, na hawezi kusema kwa sababu ataonekana ana roho mbaya.

Nilimweleza wadeni wetu wazi kwamba sitapeleka majina, ila chumba kikizidi watu sita nitasema. Hakufurahi. Lakini aliniamini zaidi baada ya hapo, na nikajifunza kwamba wakubwa wengi huvumilia msimamo wakiujua mapema, wanachochukia ni kushtukizwa.

Vipi kuhusu michango na pesa?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo majina ya watu huharibikia.

Hosteli ina michango isiyoisha: rambirambi, maji ya boza, balbu, jezi za timu ya bloku, kumwona mgonjwa. Pesa za wanafunzi huja kwa mawimbi. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka kila mtu tajiri. Wiki tatu baadaye watu wanashindia mihogo. Bodi ya Mikopo ilipandisha posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000 mwaka wa masomo 2022/23, lakini wimbi ni lilelile, na wengi hawana mkopo kabisa. Kwa hiyo changisha bumu linapotoka, na kiwango kiwe kile ambacho asiye na mkopo anaweza. Asiyeweza kabisa afue mapazia ya chumba cha kusomea, na jambo hilo lisitangazwe.

Sasa kosa langu. Mwaka wa kwanza wa uongozi mfuko wa rambirambi ulikaa kwenye simu yangu, kwenye laini ileile ninayonunulia vocha na chipsi. Bumu lilichelewa. Nikachukua 40,000 nikijiambia nitarudisha wiki ijayo. Siku ya nne kaka mmoja wa ghorofa ya juu akafiwa na baba yake, Sumbawanga, na wenzake wakaja kuchukua pesa usiku huohuo apate tiketi ya basi la alfajiri. Nilizunguka vyumba vitatu nikikopa huku nikidanganya kwamba mtandao unasumbua. Zilipatikana. Hakuna aliyejua, isipokuwa aliyenikopesha, na yeye alielewa kila kitu bila kuuliza. Mpaka leo tukikutana huniita "mtandao".

Baada ya hapo pesa zilihamia kwenye laini ya pekee iliyokaa kwa mtu mmoja, namba ya siri kwa mwingine, na salio lilibandikwa kwenye mlango wa mweka hazina kila Jumapili. Usiseme unajiamini. Mimi pia nilijiamini.

Je, uongozi utaniangusha kwenye masomo?

Unaweza. Niliowaona wakidisko, yaani wakiondolewa chuo kwa kufeli, walikuwa wale waliogeuza ofisi kuwa kisingizio cha kutokuwepo vimbwetani, kwenye mabenchi ya kusomea. Weka saa: mimi nilipokea matatizo saa kumi na mbili hadi saa mbili jioni, yasiyo ya dharura yakasubiri. Wiki za mitihani kabidhi simu ya hosteli kwa msaidizi ambaye mitihani yake haijaanza. Kama huna msaidizi, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, kumpata.

Mimi ni mpole, siwezi kuhutubia. Nigombee?

Gombea. Hotuba ni moja kwa mwaka, vyoo ni kila siku.

Nisimamieje usafi wakati kila mtu ana udhuru?

Jedwali la zamu lililochapwa vizuri na kubandikwa ukutani halisafishi choo. Kilichotusaidia ni kugawa kwa vyumba vinavyotazamana, sio kwa majina ya watu. Chumba kikikwepa, wanaoumia ni majirani wa mbele yake wanaotumia choo kilekile, na jirani ana ulimi kuliko kiongozi. Halafu zamu ya kwanza kabisa niliichukua mimi na mweka hazina, Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wameamka na wanapita. Kama ulitegemea ofisi ikutoe kwenye ndoo na fagio, rudisha fomu.

Watu wa dini na desturi tofauti wanaishije korido moja?

Wanaishi vizuri kuliko watu wa nje wanavyodhani, ila saa zao hugongana. Ramadhani sufuria huanza kulia saa kumi alfajiri, daku. Walokole wana mkesha Ijumaa na sauti haziko chini. Wa udaktari ametoka zamu saa sita na anataka usingizi. Niliwahi kujaribu kutunga kanuni moja ya kelele kwa wote. Ilidumu siku tisa. Kilichofaa ni kuwakutanisha wawakilishi watatu wa makundi hayo na kuwaacha wapangane wenyewe. Wenye daku wakahamishia mapishi chumba cha mwisho karibu na ngazi, wenye mkesha wakahamia chumba cha kusomea, na Idi ilipofika chumba cha mwisho kikaleta pilau korido nzima. Kiongozi mwingine angeingia na sheria kutoka juu. Hapa kazi ilikuwa kutafuta kiti cha tatu na kunyamaza.

Nina wajibu gani likitokea la hatari, kama moto?

Wajibu wa kisheria ni wa chuo. Lakini saa nane za usiku chuo kimelala, aliye karibu ni wewe.

Agosti 2009 moto uliua wasichana 12 katika bweni la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa. Hiyo ni sekondari, lakini hosteli za vyuo zina nyaya zilezile na tabia mbaya zaidi: hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo, jiko la koili chini ya kitanda, soketi moja inayobeba pasi, friji ndogo na kompyuta tatu. Kama una nguvu ya vita moja tu, pigana na koili chini ya kitanda.

Tukio jingine ninalolisimulia kila mara ni la Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Aprili 2015. Siku chache kabla, tarehe 2, watu 148 walikuwa wameuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokutwa hosteli. Wanafunzi wa Kikuyu walikuwa na hofu hiyo kifuani. Alfajiri moja ikatokea hitilafu ya umeme, kishindo kikasikika, wakadhani wamevamiwa. Waliruka madirishani, wakakanyagana. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 waliumia, na mvamizi hakuwepo.

Hilo linakuambia kwamba hofu isiyo na maelekezo huua kama moto. Kila muhula pita na watu wako kwenye njia ya kutokea, mchana, kwa miguu, mfike mpaka mahali pa kukusanyikia. Watangazie kabla kwamba ni mazoezi. Jua nani ana ufunguo wa geti la nyuma. Kwetu tuligundua kwamba ufunguo huo uko kwa mtu anayeishi Kibaha. Jua namba za vyumba vya wanaotumia fimbo au magongo na nani atawashusha. Namba ya dharura, 112, ibandike kwenye ngazi, sio kwenye gurupu la WhatsApp ambako itafunikwa na vichekesho ndani ya saa moja.

Wasichana wanakutana na nini cha ziada?

Historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina sura ambayo wanafunzi wa leo wengi hawaijui. Kwa miaka mingi palikuwa na kikundi cha wanafunzi wa kiume kilichojificha nyuma ya jina la Mzee Punch, kikibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wenzao, wasichana zaidi. Wengi walikiona kama utani wa chuo. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa, na ndipo wakubwa walipokubali kwamba utani ule ulikuwa na damu.

Ukuta wa leo ni gurupu la simu. Picha ya dada aliyegombea ikigeuzwa dhihaka, wenye korido hucheka kwanza na kufikiri baadaye. Kama wewe ndiye admini, ifute saa ileile, mwandikie aliyetuma peke yake, na umuulize dada anataka lipelekwe wapi. Usimwamulie. Dada mmoja aliyekuwa mwakilishi wa bloku ya wasichana wakati wangu aliniambia kilichomchosha zaidi kilikuwa kuulizwa kila kikao "dada, tuandalie chai". Aliandaa mara moja. Mara ya pili akaingiza kwenye ajenda: zamu ya chai, kwa alfabeti.

Na kwa bloku za wasichana mambo ya taa za nje, njia ya kutoka maktaba na pedi za dharura kwenye chumba cha mweka hazina si madogo. Yaweke juu ya ajenda, kabla ya jezi.

Je, hii ni ngazi ya kwenda kwenye siasa?

Kwa wengine imekuwa. Babu Owino aliongoza chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuingia bungeni kwa Embakasi Mashariki mwaka 2017. Yoweri Museveni alipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam alikuwa mwenyekiti wa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ulioanzishwa 1967. Watu hukumbuka hotuba. Mimi hunivutia kwamba waliendesha madarasa ya itikadi kila Jumapili, siku ambayo wenzao walikuwa wakifua, na kwamba jarida lao, Cheche, walilichapa wenyewe. Mwaka 1970 umoja na jarida vyote vikapigwa marufuku.

Lakini angalia na bei yake. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Hadithi hiyo wazee huisimulia wakisifu upande mmoja tu. Inafaa kusomwa kwa pande zote mbili. Kampala, Julai 2022, mwanafunzi alichomwa kisu akafa kwenye kampeni za guild, serikali ya wanafunzi, ya Makerere. Kule wakati huo chama cha siasa kilikuwa kikiingia chuoni na pesa na fulana. Kenya nako, baada ya sheria ya vyuo vikuu kurekebishwa mwaka 2016, wanafunzi huchagua wajumbe na wajumbe ndio wanaochagua baraza.

Ukiingia hosteli kwa nia ya ubunge, wenzako watakujua ndani ya wiki. Utaahidi maji usiyoyamiliki.

Wanafunzi wakitaka kugoma nisimame upande gani?

Hili niliulizwa usiku, watu kama 60 wako uani na masufuria. Sikuwa na jibu zuri. Nilichofanya ni kuuliza kwa sauti: tunataka nini, kutoka kwa nani, na kabla ya saa ngapi? Ikachukua nusu saa watu kukubaliana, na ndani ya nusu hiyo hasira ilipungua na hoja ikanyooka. Tulipeleka watu watano asubuhi. Tulipata vitu viwili kati ya vitatu.

Wapo walioniita msaliti, na sitasema hawakuwa na sababu. Kuna siku ambazo barua zote zimelala na mtu hana kingine. Ila kama umewahi kukaa kwenye basi la kurudishwa nyumbani chuo kimefungwa, unajua kwamba anayetangulia kuumia ni yule asiye na nauli.

Kuna malipo? Na huko ng'ambo wanafanyaje?

Kwetu, mara nyingi hakuna. Baadhi ya vyuo humhakikishia mwakilishi kitanda mwaka unaofuata, jambo ambalo si dogo.

Marekani kuna mfumo wa wasaidizi wa mabweni: mwanafunzi mkubwa anaishi ghorofa moja na wale wa mwaka wa kwanza, anapewa chumba na mara nyingi chakula au posho, na chuo humfundisha kabla muhula haujaanza. Yule ni mwajiriwa wa chuo. Pembeni yake lipo baraza la bweni linalochaguliwa na wanafunzi. Mwaka 2002 wasaidizi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walipiga kura kuunda chama cha wafanyakazi, kwa hoja kwamba kugongewa mlango usiku ni kazi kama kazi nyingine. Ukipata nafasi ya kusoma huko na una uzoefu wa hosteli zetu, omba kazi hiyo. Wanatafuta watu waliowahi kusuluhisha ugomvi wa chumba, na wewe umesuluhisha wa korido nzima bila maji.

Niandikeje kwenye wasifu, na niseme nini kwenye usaili?

"Mwakilishi wa bloku 2021–2022" peke yake haisemi kitu. Andika idadi ya wakazi, kiasi cha mfuko ulioutunza na jinsi ulivyokuwa unakaguliwa, na jambo moja lililobadilika. Mimi niliandika la boya na daftari la getini. Kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza mmoja wa wajumbe aliuliza swali moja tu kuhusu masomo yangu, muda wote uliobaki waliuliza kuhusu lile daftari.

Na wakikuuliza umewahi kukosea, usitoe lile jibu la "huwa najituma kupita kiasi". Mimi niliwasimulia ile 40,000. Nilipata kazi, ingawa sijui kama ni kwa sababu hiyo au walikosa mtu mwingine.

Muda wangu ukiisha, nikabidhi nini?

Daftari la pesa likiwa limefungwa na kusainiwa na watu wawili. Mihtasari yote. Orodha ya mafundi wanaopokea simu na wale wasiopokea. Laini ya mfuko, na namba ya siri ibadilishwe mbele yako. Majina ya wanaohitaji msaada ngazini. Nakala ya barua ambazo bado hazijajibiwa, na tarehe zilipopigwa muhuri.

Mpeleke mrithi wako getini umtambulishe kwa mzee wa pota, mkae naye walau robo saa. Mimi nilisahau kufanya hivyo. Aliyenirithi alimaliza muhula mzima akiandika barua za kurasa mbili.